Gari la Zamani Linazima Likisimama: Kwanza Jua Linazima Lini

"Fundi, kwenye mwendo halina shida. Nikisimama tu, linazima."

Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki, na msimu wa korosho ukikaribia nayasikia kila siku, maana ndipo watu wa Newala, Tandahimba na Nanyamba wanapoyatoa magari yao uani na kuyateremsha Mtwara mjini. Magari ni yaleyale: Corolla, Carina, Mark II, Noah, Hiace, Escudo, mengi yana miaka 20 na zaidi. Wengi wanaofika wameshanunua plagi, koili, hata pampu ya mafuta. Wengine wamepandishiwa sailensi (mwunguruma wa injini bila kukanyaga mafuta) kwa kugeuza skrubu ya throto (mlango wa hewa ya injini), na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ni sawa na kumpa panadol mtoto mwenye malaria: joto linashuka, ugonjwa unabaki palepale. Nakusihi, skrubu ile usiiguse wala usikubali iguswe kabla chanzo hakijajulikana.

Kwenye sailensi, injini ya petroli iliyokwisha kupata moto huzunguka kama mara 650 hadi 850 kwa dakika katika mengi ya magari haya. Throto imefunga, hewa inapita kwenye kitundu kidogo cha pembeni, na petroli inaingia kidogo sana. Injini haina akiba ya nguvu. Kosa ambalo kwenye mwendo wa kilomita 80 hata hulihisi, hapa linatosha kuizima.

Ndiyo maana naanza na swali moja: linazima lini? Likiwa baridi asubuhi, au likishapata moto? Ukiwasha AC? Ukikata stelingi? Ukikanyaga breki? Ukiingiza D? Baada ya kujaza mafuta? Na likishazima, linawaka palepale au mpaka lipoe? Liendeshe siku mbili tatu na uandike majibu kwenye karatasi. Karatasi hiyo itakuokolea fedha nyingi kuliko spea yoyote utakayonunua kwa kubahatisha.

Kabla hujafungua boneti: vuta handibreki, weka P au nyutro, tia mawe kwenye magurudumu. Fanya kazi nje, usiungurumishe gari ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi unaua na hauna dalili ya kukuamsha. Mwenye kanga, ushungi au kanzu ajifunge vizuri, maana feni ya umeme ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi ikiwa ya moto.

Linazima kila likisimama, ukikanyaga mafuta kidogo linaishi

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na mara nyingi ni hewa: imepungua, au imezidi kwa kuingia pasipo pake.

Anza na eya klina, kwa sababu kuifungua hakuhitaji zaidi ya dakika mbili. Huku kwetu ina kazi ngumu. Vumbi la barabara za vijijini peke yake linatosha kuiziba, na kipindi cha kupulizia mikorosho, gari linalopita mashambani linavuta na unga wa salfa. Nimewahi kutoa eya klina ya pikapu moja ikiwa njano kama manjano ya pilau. Iinue juani: usipoona mwanga ukipenya, badilisha. Kuipuliza kwa upepo kunasaidia kwa muda, ila pulizia kutoka upande wa ndani kwenda nje. Ukigeuza unaukandamiza uchafu ndani ya karatasi. Ya karatasi haioshwi.

Kisha throto. Legeza mpira mkubwa unaotoka kwenye eya klina, uvute, utaona kibati cha duara. Kikiwa kimezungukwa na masizi meusi yenye mafuta, umekaribia jibu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, puliza dawa ya kusafishia throto au kabureta, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, fungua kibati na ufute ukingo wake pande zote mbili. Msasa na brashi ya waya havina kazi hapa. Kama gari lako lina throto ya umeme isiyo na kebo, usikisukume kibati kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, na ukimaliza acha injini iungurume dakika kumi bila AC wala taa ili kontrol boksi (kompyuta ya injini) ijizoeze upya.

Corolla na Carina za miaka ya 1990 zina valvu ya sailensi chini ya throto, nayo hukwama kwa masizi hayohayo. Kuisafisha kunataka kuitoa throto yote. Kuna mipira miwili ya maji ya rejeta inayoingia pale, na skrubu za valvu zinaharibika vichwa kwa urahisi ukitumia bisibisi isiyokaa sawasawa. Ukiona skrubu ya kwanza inateleza, simama hapo na umpelekee fundi. Skrubu iliyolika kichwa inaigeuza kazi ya saa moja kuwa ya siku nzima. Ukifaulu, weka gasketi nzima, jaza maji ya rejeta upya na utoe hewa yote iliyonasa.

Kama throto ni safi na bado linazima, basi injini inavuta hewa mahali. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopotezea fedha.

Mwalimu mmoja aliniletea Carina kutoka Tandahimba akiwa na mfuko wa spea za zamani: pampu mbili za mafuta, plagi nane, koili, waya za plagi. Vyote vilikuwa vimetolewa kwenye gari hilohilo ndani ya miezi mitatu, na karibu vyote vilikuwa vizima. Nilikata kipande cha hozipaipu kama mita moja, nikaweka ncha moja sikioni, nyingine nikaitembeza taratibu juu ya injini inayounguruma. Karibu na manifoldi ya hewa (paipu zinazoigawa hewa kwa silinda), nyuma, kikasikika kisauti chembamba cha kunyonya, kama mtu anayenywa uji wa moto. Mpira wa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili ndani ya injini) ulikuwa umepasuka upande wa chini, kwenye kona. Ukiutazama kutoka juu, mzima kabisa. Niliubana kwa vidole viwili na sailensi ikatulia papo hapo. Mwalimu alishika boneti kwa mikono miwili, hakusema neno kwa muda. Mpira mpya haukufikia hata nauli yake ya basi ya kuja mjini.

Kwa hiyo fanya hivi. Injini ikiunguruma, bana kila mpira mwembamba wa hewa, mmoja baada ya mwingine, kwa koleo lililofungwa kitambaa, na usikilize. Ukibana ule wenye kasoro, mlio utabadilika. Pinda kila mpira kwa vidole uone nyufa, hasa kwenye kona na mahali unapokutana na chuma. Joto letu la pwani linaikausha mipira mpaka inavunjika kama biskuti. Kwenye maungio ya manifoldi, puliza maji ya sabuni kidogo kidogo ukikwepa distributa (kigawa moto wa plagi) na nyaya: povu likinyonywa na sailensi ikabadilika, gasketi ndiyo mwizi. Wapo wanaopulizia petroli au dawa ya kabureta kwenye injini inayounguruma. Usifanye hivyo. Ekzosi iko hapohapo, cheche ziko hapohapo, na gari likishika moto utabaki unarusha mchanga.

Mwisho kwenye orodha hii ni plagi zilizolika, nozeli (vipulizia petroli) chafu, valvu ya EGR (inayorudisha moshi kidogo kwenye injini) iliyokwama wazi, na injini yenyewe kuchoka. Kama gari linatetemeka muda wote, yaani linamisi, toa plagi uzitazame: moja ikiwa nyeusi na imelowa wakati nyingine ni za kahawia, tatizo liko kwenye silinda hiyo. Kupima kompresheni na kurekebisha nafasi za valvu ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Wenye injini za D-4, ambazo Toyota ilianza kuziuza mwaka 1996 kwenye Corona Premio, nina neno lenu. Petroli yenu inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za hewa kuziosha, kwa hiyo masizi hujaa kwenye njia ya hewa kuliko injini za kawaida. Kusafisha throto kutawasaidia sana. Ila paipu za mafuta zilizo baada ya pampu ya presha msizilegeze kabisa. Presha iliyomo inaweza kupenya ngozi.

Sailensi inapanda na kushuka yenyewe, halafu linazima

Kabla ya yote tazama maji ya rejeta, injini ikiwa ya baridi. Yakipungua, hewa inanasa kwenye valvu ya sailensi na kwenye sensa ya joto, na kontrol boksi inachanganyikiwa: mara inadhani injini ni baridi, mara ya moto. Jaza, toa hewa, jaribu tena. Yakipungua tena wiki ijayo, tafuta yanakokwenda. Ukikuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena. Gasketi ya silinda hedi imekwenda.

Kama maji yako sawa, rudi kwenye mipira ya hewa na valvu ya sailensi kama nilivyoeleza, kisha sensa ya throto.

Linazima ukiwasha AC au taa, au ukikata stelingi hadi mwisho

Hapa injini imeongezewa mzigo na haikupata msaada. Watu wa Mikindani, Shangani na wote wanaolaza magari karibu na bahari, anzeni na betri na waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari). Chumvi ya baharini haina huruma. Terminali zikiwa na unga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto na brashi, kausha, paka grisi, funga chanya kwanza. Kisha ufuate waya wa ethi mpaka unapofungwa kwenye injini na kwenye bodi. Mara nyingi kwa nje unaonekana mzuri, lakini ukikwangua chini ya boliti unakuta kutu tupu.

Ukiwa na mita, betri nzima injini ikiwa imezimwa husoma volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikiunguruma, 13.8 hadi 14.4 hivi. Washa taa na feni: zikishuka chini ya 13 kwenye sailensi, tazama mkanda wa alternata, kisha alternata yenyewe. Bado ukiwa umewasha vyote, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, ethi haipiti vizuri.

Kuna mazoea mabaya yameenea: kuchomoa terminali ya betri injini ikiunguruma ili kuona kama alternata inachaji. Tafadhali, usimruhusu mtu afanye hivyo kwenye gari lako. Umeme unaweza kuruka ghafla na kuunguza kontrol boksi, na hapo ulikuja na tatizo la waya, unaondoka na tatizo la kompyuta.

Umeme ukiwa safi, kinachofuata ni kifaa cha kupandisha sailensi AC inapowaka. Kwenye stelingi za haidroliki za Toyota nyingi, pampu ina kivalvu chenye mipira miwili midogo ya hewa. Chomoa mmoja, ukitoka na mafuta ya stelingi, kivalvu kimekufa, na ndicho pia kinachokutolea moshi mweupe.

Linazima ukikanyaga breki, au ukiingiza D

Breki kwanza, maana hili si la kusubiri. Zima injini, kanyaga breki mara tano sita mpaka pedali iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali inatakiwa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, au ukisikia sauti ya hewa karibu na miguu yako, busta ya breki (kifaa kinachokuongezea nguvu ya kukanyaga) au mpira wake unavuja: unaivuruga injini na unakunyang'anya breki kwa pamoja. Usiliendeshe. Mwite fundi alifuate lilipo.

Kuingiza D: mara nyingi ni ileile throto chafu. Lakini kama gari linazima wakati wa kusimama kwa kushtuka, kama gari la gia za mkono ambalo dereva amesahau klachi, huenda toki konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi ya otomatiki) imejifunga na haiachii. Pima mafuta ya gia boksi kwa utaratibu wa kitabu cha gari lako, na iliyobaki mwachie fundi wa gia boksi.

Linazima likiwa la moto, haliwaki mpaka lipoe

Umetoka Mtwara vizuri, umekwenda kilomita zote hizo, umefika Mingoyo ukasimama kununua maji, limezima. Nusu saa baadaye linawaka kama si lenyewe. Hapa lazima ujue moja tu: linapokataa, limekosa moto wa plagi au limekosa mafuta? Na kipimo kina maana wakati huohuo limekataa. Likishapoa utaona kila kitu kizima.

Chomoa soketi za nozeli ili petroli isimwagike. Toa waya mmoja wa plagi, chomeka plagi ya akiba, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na matundu ya petroli, na mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono. Umeme ule ni wa maelfu ya volti na mwenye matatizo ya moyo asiukaribie. Cheche ya bluu inayopasuka ni nzima. Hakuna cheche, au ni ya njano na dhaifu: washukiwa kwa mpangilio ni koili, ignaita (kifaa kinachoiamrisha koili kutoa moto), kisha sensa ya kuhesabu mizunguko, ambayo kwenye magari mengi ya zamani iko ndani ya distributa. Vyote vitatu vina tabia ya kukata vikipata joto na kurudi vikipoa.

Cheche ipo? Basi ni mafuta. Fungua kifuniko cha tangi: likivuta pumzi kwa nguvu na gari likawaka, tundu la hewa la tangi limeziba, na umepona kwa kazi ndogo kabisa. Kama si hilo, ni rilei (swichi ya umeme wa pampu), filta ya mafuta au pampu inayochoka ikipata joto, hasa kwa wenye mazoea ya kutembea na mafuta ya mwisho mwisho, kwa sababu pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe. Usiiamulie pampu kwa kuwa husikii mlio swichi ikiwa ON. Toyota nyingi za zamani haziiendeshi mpaka stata izunguke. Fundi aipime kwa geji ya presha.

Linazima asubuhi tu

Mtwara mjini dalili hii ni adimu, ila Newala, kule juu kwenye nyanda za Makonde, mwezi wa 6 na wa 7 wanaijua. Kwenye injini ya kabureta, tazama choki (kibati kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi) kama inafunga. Kwenye injini ya nozeli, pima sensa ya joto la maji: Toyota nyingi husoma kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi joto 20, na 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Ikikataa kubadilika, ni yenyewe.

Lilianza baada ya kujaza mafuta

Kama ni petroli ya chupa uliyonunua njiani, chota kidogo kwenye chupa ya kioo, iache saa moja kivulini. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utauona mstari. Tangi linaondolewa mafuta na fundi, mchana, mbali na jiko la mkaa na sigara. Kama ni petroli safi na linazima kila ukijaza pomoni, mshukiwa ni valvu inayonyonya mvuke wa tangi.

Taa ya injini ikiwaka na huna mashine

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi cheusi kwenye injini kimeandikwa DIAGNOSIS. Injini ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, haina kosa lililohifadhiwa. Namba 12 ni kukosa ishara ya mizunguko, 14 ni moto wa koili, 22 sensa ya joto la maji, 31 sensa ya hewa, 41 sensa ya throto. Soma herufi za kwenye kifuniko mara mbili kabla ya kuchomeka. Tundu la kando yake linaweza kuunguza fyuzi au kitu kikubwa zaidi.

Wapi uache

Ukinusa petroli mbichi au ukaiona ikidondoka. Ukisikia kugonga kwa chuma ndani ya injini. Geji ya joto ikipanda. Na likianza kuzima kwenye mwendo, hata mara moja. Mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi si mahali pa kujaribu: injini ikizima, stelingi inakuwa nzito na breki inabakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Ikikukuta, kanyaga breki mara moja kwa uthabiti bila kupampu, usizungushe ufunguo hadi kwenye kufunga stelingi, elekea pembeni, vuta handibreki.

Unapolipeleka kwa fundi, lipeleke katika hali linayozimia. Kama huzima la moto, usiliache gereji usiku akalikuta limepoa. Mpitie, mwendeshe mpaka lizime mbele ya macho yake. Kama huzima asubuhi, lilaze kwake. Mpe ile karatasi uliyoandika, na umwombe asifungue kitu mpaka aisome.